Maswali ya Wasomaji: Azimio la Bunge, Linavyopita na Linavyokwama

Barua za wasomaji safari hii zimelalia upande mmoja: Bunge limeazimia hiki, mbunge fulani hoja yake imekataliwa, mwingine hoja yake haijasikika tena. Tumeyakusanya maswali yanayofanana na kuyajibu pamoja. Mifano tumeichukua Tanzania, Kenya, Uingereza na Marekani. Nchi nyingine zitatofautiana kwa idadi na majina ya kamati, lakini njia kuu ni hiyo hiyo.

Swali: Ndugu mhariri, naomba mnieleweshe. Hoja, azimio na muswada vinatofautianaje? Magazeti huvichanganya.

Jibu: Hoja ni pendekezo ambalo mbunge analiweka mbele ya wenzake akiomba liamuliwe. Likikubaliwa, uamuzi unaotokana nalo ndio azimio. Muswada ni rasimu ya sheria. Husomwa zaidi ya mara moja, huchambuliwa kifungu kwa kifungu, na mwishoni hupelekwa kwa mkuu wa nchi kutiwa saini. Azimio la kawaida huamuliwa kwa mjadala mmoja na kura moja, bila saini ya mtu yeyote aliye nje ya Bunge. Ndiyo maana hupita haraka, na ndiyo maana pia mara nyingi halimfungi mtu. Marekani wana aina moja ya azimio inayovunja utaratibu huu, tutaifikia.

Swali: Mbunge wetu alitangaza kwamba "amepeleka hoja bungeni". Mwaka umepita, hatujaona mjadala. Hoja hupita wapi hasa?

Jibu: Huanzia mezani kwa Katibu wa Bunge, mbali kabisa na ukumbi na kamera. Mbunge hupeleka taarifa ya hoja kwa maandishi ikiwa na saini yake, na pale ambapo katiba au kanuni inadai waungaji mkono wa awali, saini zao ziwemo pia. Ofisi ya Katibu huipima. Jambo hili liko ndani ya mamlaka ya Bunge? Liko mahakamani? Limekwisha kuamuliwa hivi karibuni? Linagusa fedha? Lina lugha ya matusi au tuhuma zisizo na ushahidi? Mara nyingi mbunge huitwa akaketi na maofisa kurekebisha maneno, na hilo lisichukuliwe kuwa ni hila, kwani hoja nyingi huokolewa hapo. Baadaye Spika huidhinisha au hukataa.

Kuidhinishwa hakuipi hoja siku ya kujadiliwa. Nafasi kwenye Orodha ya Shughuli hugawanywa na kamati inayopanga ratiba ya Bunge, ambamo upande wa serikali una sauti kubwa. Miswada ya serikali na bajeti hutangulia, hoja za wabunge binafsi huachiwa saa chache. Mkutano ukifungwa kabla ya zamu yake, hoja hubaki kwenye karatasi, na Bunge likivunjwa hufa nayo. Kwa hiyo mbunge anayesema amepeleka hoja huenda anasema kweli tupu. Mwulizeni jambo la pili: imeingia kwenye Orodha ya Shughuli ya tarehe gani?

Ikipata siku, mtoa hoja huinuka, huisoma kama ilivyochapishwa, huieleza, kisha humaliza kwa kusema "naomba kutoa hoja". Mwingine huinuka kuiafiki. Pale ambapo kanuni zinadai mwafiki na asipatikane, hoja huanguka papo hapo. Spika akishaitoa ijadiliwe, haiwi tena mali ya mtoa hoja: akitaka kuiondoa itabidi Bunge limruhusu. Baada ya michango mtoa hoja hupewa nafasi ya kuhitimisha na kujibu, na hapo Spika huwahoji wabunge.

Kura ya kwanza huwa ya sauti. Spika husikiliza upande gani una "ndiyo" au "siyo" nyingi na kutangaza. Upande usioridhika huomba kura zihesabiwe, ama kwa kugawanyika pande mbili, ama kwa kuitwa majina, ama kwa vitufe vya mezani. Ombi hilo lina muda wake. Spika akishatangaza mshindi na kuita shughuli inayofuata, kelele za nyuma hazifufui kura.

Bado hatua moja ambayo hata baadhi ya wabunge huisahau: Katibu kulipeleka azimio kwa barua rasmi kwa anayetakiwa kulitekeleza. Azimio lisilopelekwa kwa mtu huishia kwenye kumbukumbu za Bunge.

Swali: Mimi ni msaidizi wa mbunge. Hoja yetu imerudishwa mara mbili kwamba "haijakaa vizuri". Iandikweje?

Jibu: Anza kuiandika kutoka chini. Hoja huwa na sehemu mbili: sababu, zile aya za "kwa kuwa" na "na kwa kuwa", halafu agizo, "hivyo basi, Bunge linaazimia kwamba". Wengi hutumia nguvu zao zote kwenye sababu, wakifika kwenye agizo wanaandika sentensi moja legevu. Uamuzi wa Bunge ni ile sehemu ya agizo. Ikamilishe hiyo kwanza, kisha ujiulize ni sababu zipi chache zinazoibeba. Tatu au nne zinatosha. Kila sababu ya ziada ni mlango wa mpinzani kuinuka na kusema takwimu hii si sahihi, na mjadala ukahamia huko.

Agizo lionyeshe nani, afanye nini, lini, na athibitishe vipi. "Serikali iangalie uwezekano wa kuboresha" haina hata kimoja kati ya hivyo. Serikali itaangalia, na itakuwa imetekeleza. Andika waziri mwenye dhamana awasilishe mezani taarifa ya jambo fulani, yenye mambo fulani, kabla ya tarehe fulani au kabla ya mwisho wa mkutano fulani. Hapo kwenye muda kuna mtego: siku za kalenda si sawa na siku za vikao. Siku 30 za kalenda ni mwezi, ilhali vikao 30 vinaweza kuchukua miezi mingi, kwa sababu Bunge halikai kila siku. Taja unahesabu kipi.

Makosa yanayorudisha hoja nyingi ni haya. La kwanza ni fedha. Katika mabunge yenye asili ya Uingereza, mbunge wa kawaida haruhusiwi kuleta hoja inayotoza kodi au kuchota mfuko mkuu wa serikali. Katiba ya Tanzania, ibara ya 99, inaacha mambo hayo yaanzie kwa Rais kupitia waziri. Hoja inayosema "serikali itenge kiasi fulani" hurudi. Ile inayosema "serikali iwasilishe mpango wa kugharamia jambo hili pamoja na bajeti ijayo" hupenya mara nyingi zaidi.

La pili ni jambo lililoko mahakamani. Usiombe Bunge liamue kile ambacho jaji anakisikiliza, omba lijadili sera au utaratibu uliozaa mgogoro. La tatu ni kuwagusa Rais, majaji au Spika pembeni mwa hoja ya jambo jingine. Mwenendo wa watu hao hujadiliwa kwa hoja mahususi inayowataja, na huwa na masharti yake ya saini na kura. La nne ni kufunga mambo mawili kwenye agizo moja. Anayekubali nusu na kukataa nusu atapiga kura ya hapana kwa yote. Yatenganishe kwa namba, ili Spika aweze kuyahoji moja moja.

Swali: Kamati inaweza kuikalia hoja mpaka ife? Hakuna dawa?

Jibu: Inaweza, na dawa zipo ila ni chungu. Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, azimio hupelekwa kwenye kamati, na mwenyekiti asipolipangia siku hakuna anayeliona tena. Likikaa siku 30 za vikao, wajumbe wanaweza kukusanya sahihi za kulitoa kamatini kwa nguvu. Sahihi zinazotakiwa ni 218, yaani zaidi ya nusu ya wajumbe 435. Tangu 1993 majina ya waliotia saini yako wazi kwa umma, jambo lililofanya vyama viwabane watu wao zaidi: kutia saini ni kuwaasi viongozi wako hadharani. Sahihi za namna hii hutimia mara chache.

Uingereza njia ni nyingine. Kuna hoja ambazo wabunge huziwasilisha bila kupangiwa siku, na wenzao huongeza saini. Huwasilishwa mamia kila mwaka na karibu zote hazijadiliwi. Zinafaa kuonyesha idadi ya wanaojali jambo na kumpa mbunge cha kuwaonyesha wapiga kura. Lakini mara chache mbegu huota: hoja ya kutokuwa na imani na serikali iliyoanzia kwenye orodha hiyo ilipigiwa kura tarehe 28 Machi 1979, ikapita kwa kura 311 dhidi ya 310, na uchaguzi mkuu ukaitishwa.

Swali: Hoja ilikuwa ya kulaumu, ikatoka ikiwa ya kupongeza! Ni halali kweli kuigeuza hivyo?

Jibu: Mara nyingi ni halali. Mabadiliko ya hoja yanaweza kuondoa maneno, kuongeza, au kuondoa na kuweka mengine, mradi yasitoke nje ya mada na yasiwe tu njia nyingine ya kusema hapana. Wenye wingi wa kura huacha neno "Bunge" na mada, wakafuta kila kinachofuata, wakaandika yao. Spika huhoji mabadiliko kwanza, hoja yenyewe baadaye kama ilivyobadilishwa. Ndipo hutokea kichekesho cha mtoa hoja kuipinga hoja yake mwenyewe.

Kinga yake ni hesabu za mapema. Kabla ya siku ya mjadala, ongea na wanadhimu wa pande zote, yaani wanaowapanga wabunge wa vyama vyao kwa ajili ya kura, ujue nani ataleta mabadiliko gani. Mabadiliko hutakiwa kupelekwa kwa Katibu kwa maandishi kabla, kwa hiyo huwa hayafichiki. Ukiona huwezi kuyashinda, ni afadhali ukubali mabadiliko madogo yanayobakiza tarehe ya mwisho na mtekelezaji, hata kama lugha kali imeondolewa. Lawama zilizokolezwa chumvi hazina msaada kama hakuna tarehe.

Swali: Nimesoma "theluthi mbili", "wingi wa kawaida", "akidi". Nani anahesabiwa hasa?

Jibu: Swali zuri, na ndipo wachambuzi wengi wa redioni hujikwaa. Chukua Bunge la wabunge 300. Siku ya kura wamo ukumbini 160, na 20 kati yao hawapigi kura. Waliopiga ni 140.

Wingi wa kawaida, wa waliohudhuria na kupiga kura, ni 71. Theluthi mbili ya waliopiga kura ni 94. Wingi wa wabunge wote ni 151. Theluthi mbili ya wabunge wote ni 200, na hapo hata wote 160 wakikubaliana hoja imeshindwa kabla ya kura kupigwa. Angalieni pia wale 20 walionyamaza. Kwenye kipimo cha waliopiga kura, wamepunguza tu idadi. Kwenye kipimo cha wabunge wote, kimya chao kina uzito uleule wa hapana, na aliyebaki nyumbani naye vivyo hivyo. Kwa hiyo ukisikia theluthi mbili, usiridhike mpaka ujue ni ya nani. Sehemu daima hupandishwa: hakuna theluthi ya mtu.

Kenya inatoa mfano mzuri. Baraza la Taifa lina wabunge 349 bila Spika. Kumwondoa Rais au naibu wake kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233. Tarehe 8 Oktoba 2024, hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua ilipata kura 281, ikapelekwa Seneti, ambako katika maseneta 67 zinahitajika 45. Hali ya hatari nayo hupimwa kwa ngazi. Tangazo la kwanza hudumu siku zisizozidi 14. Kuliongeza kunahitaji azimio la theluthi mbili ya wabunge wote, na kila nyongeza inayofuata robo tatu, yaani 262. Katiba imeupandisha mlima kadiri dharura inavyorefuka, na kwa maoni yetu huo ni uandishi mzuri wa sheria.

Akidi ni jambo jingine, idadi ya chini inayotakiwa ili Bunge liweze kuamua. Tanzania ni nusu ya wabunge wote. Baraza la Taifa la Kenya ni 50. Kwa kipimo cha Kenya, azimio la kawaida linaweza kupita kwa kura 26 tu na likawa azimio halali la Bunge zima. Katika bunge la chini la Uingereza, wakishiriki pungufu ya 40 kwa kumhesabu Spika na wahesabu kura, uamuzi hauhesabiki na shughuli husogezwa hadi kikao kingine.

Kura zikifungana? Kenya Spika hana kura na hoja huhesabiwa imeshindwa. Uingereza Spika hupiga kura ya kuamua, lakini kwa desturi huipigia hali iliyopo. Tarehe 3 Aprili 2019 kura zilifungana 310 kwa 310, Spika akapiga hapana, kwa hoja kwamba jambo jipya lisipite kwa kura ya kiti chake pekee.

Swali: Bunge letu limeazimia, serikali imenyamaza. Sasa azimio lina kazi gani? Si kupoteza muda huku?

Jibu: Inategemea kilicho nyuma ya azimio. Tunalisema hili kila mara kwa sababu ndilo linaloamua yote: azimio peke yake ni kauli, nguvu yake hutoka kwenye kifungu cha katiba, sheria au kanuni kinachosema likipitishwa nini kitatokea. Kabla ya kuhesabu kura, tafuta kifungu.

Kipo ambapo azimio hukata. Bunge likiazimia kuhusu mambo yake ya ndani, mfano kuunda kamati teule au kumsimamisha mbunge, hakuna wa kuombwa. Likiazimia kutokuwa na imani na Waziri Mkuu kwa masharti ya katiba, huyo anaondoka. Tanzania masharti hayo ni taarifa iliyosainiwa na asilimia 20 ya wabunge wote, ikapelekwa kwa Spika siku 14 kabla, na kura za wingi wa wabunge wote. Likifuta kanuni za waziri ndani ya muda uliowekwa na sheria, kanuni zinakufa. Uingereza muda huo kwa kawaida ni siku 40, ingawa njia ni nyembamba mno: bunge la chini lilifuta kanuni kwa namna hiyo mara ya mwisho mwaka 1979.

Pasipo na kifungu, azimio ni ushauri wenye sauti kubwa. Novemba 2014 Bunge la Tanzania lilipitisha maazimio nane kuhusu fedha za Tegeta Escrow, akaunti iliyotunza fedha za mgogoro wa malipo ya umeme. Yaliwaelekea watu tofauti: vyombo vya uchunguzi, mamlaka ya uteuzi, kamati za Bunge lenyewe. Bunge halikuwa na uwezo wa kumfuta kazi waziri mmoja mmoja, lilichoweza ni kumtaka mwenye mamlaka afanye hivyo. Desemba hiyo hiyo Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu na waziri mmoja akaondolewa. Hakuna kifungu kilichowalazimisha. Kilichofanya kazi ni shinikizo la siasa, na shinikizo huisha nguvu kadiri wiki zinavyopita. Ndiyo sababu azimio la ushauri lisilo na tarehe ya kutolewa taarifa ni dhaifu maradufu.

Kuna njia ya katikati: Bunge kudai nyaraka. Novemba 2018 bunge la chini la Uingereza liliazimia serikali ichapishe ushauri kamili wa kisheria kuhusu kujitoa Umoja wa Ulaya. Serikali ilitoa muhtasari. Tarehe 4 Desemba wabunge wakapiga kura 311 dhidi ya 293 kwamba serikali imelidharau Bunge, na kesho yake ushauri ukachapishwa. Tofauti na kauli za kawaida ni kwamba Bunge hilo lina haki ya zamani ya kudai nyaraka na kuadhibu dharau. Azimio lilikuwa na meno.

Swali: Kwa nini wabunge wakiridhia mkataba hawabadilishi hata nukta?

Jibu: Kwa sababu mkataba umekwisha kukubaliwa na upande wa pili. Azimio la kuridhia, kama lile la Bunge la Tanzania la tarehe 10 Juni 2023 kuhusu mkataba wa bandari na Dubai, hutolewa chini ya ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, na jibu lake ni kuridhia au kutoridhia. Anayetaka vifungu vibadilike hana budi kuomba uahirishwe na kurudishwa kwenye majadiliano. Uchambuzi wa maana hufanyika kwenye kamati kabla, kwa hiyo muda ambao kamati imepewa kuusoma mkataba ndio wa kuulizia. Pia kuridhia hakubadilishi sheria za ndani kila mahali. Tanzania huhitaji sheria yake kufuata, Kenya katiba inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi.

Swali: Marekani nasikia azimio hadi Rais analipinga kwa kura ya turufu. Si mlisema azimio halihitaji saini?

Jibu: Wana aina tatu. Azimio la baraza moja hubaki ndani ya baraza hilo, kwa mambo kama kanuni, kamati au kumkaripia mjumbe. Azimio la sambamba hupitishwa na mabaraza yote mawili bila kwenda kwa Rais, kwa mfano mpango wa mwaka wa bajeti. Azimio la pamoja hupita mabaraza yote mawili na kwenda kwa Rais kama muswada, na likisainiwa ni sheria kamili. La pamoja lina njia moja ya pekee: likiwa pendekezo la kubadili katiba, halipiti kwa Rais. Huhitaji theluthi mbili katika kila baraza, kisha majimbo 38 kati ya 50.

Aina ikibadilika, nguvu inabadilika. Sheria ya hali ya dharura ya mwaka 1976 iliruhusu Bunge kuifuta dharura ya Rais kwa azimio la sambamba. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Chadha, iliamua kwamba Bunge haliwezi kubatilisha hatua za serikali bila kumpelekea Rais azimio lake, na mwaka 1985 sheria ikabadilishwa itumike azimio la pamoja. Matokeo yake yalionekana 2019. Mabaraza yote mawili yalipitisha azimio la kufuta dharura ya mpakani iliyotangazwa na Rais Trump, naye akalipinga tarehe 15 Machi, na jaribio la kumshinda likapata kura 248 kwa 181, wakati theluthi mbili ya kura hizo ni 286. Zamani wingi wa kawaida ungetosha.

Swali: Hoja iliyoshindwa inaweza kurudishwa? Na azimio lililopita lina mwisho?

Jibu: Kurudisha hoja ileile kuna ukomo ili Bunge lisichoshwe. Kenya, jambo lililoamuliwa haliletwi tena ndani ya miezi sita katika msimu huo wa vikao. Uingereza ni hadi msimu mpya wa vikao, desturi inayorudi nyuma hadi 1604, na Spika aliitumia tarehe 18 Machi 2019 kuizuia serikali kurudisha mpango uleule wa kujitoa Umoja wa Ulaya. Kubadili kichwa cha hoja hakusaidii, Spika hupima kiini.

Mwisho wa azimio ni ule ulioandikwa ndani yake, na usipoandikwa mambo ya ajabu hutokea. Pendekezo moja la kubadili katiba ya Marekani, kuhusu mishahara ya wabunge, lilipitishwa 1789 bila ukomo na likakamilika 1992. Pendekezo la haki sawa kwa wanawake la 1972 lilipewa miaka saba, likaongezewa hadi 30 Juni 1982, na hadi hapo majimbo 35 tu yalikuwa yameridhia.

Swali: Nataka kufuatilia azimio moja mwenyewe. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na tarehe ya kikao, siyo habari ya gazeti. Fungua Orodha ya Shughuli ya siku hiyo upate maneno ya hoja kama yalivyoingia, kisha Taarifa Rasmi za Majadiliano, maarufu kama Hansadi, uone kama kulikuwa na mabadiliko. Bungeni Tanzania utakuta mwishoni mistari miwili ya mabano: "Hoja ilitolewa iamuliwe", na chini yake "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Maneno yaliyotangulia mistari hiyo, pamoja na mabadiliko yaliyokubaliwa, ndiyo azimio. Baada ya hapo tafuta mambo mawili: nani aliandikiwa, na taarifa ya utekelezaji ilitakiwa lini. Kama tarehe imepita na hakuna kilichowekwa mezani, mpe mbunge wako nakala za kurasa hizo na umwombe aulize swali la bungeni kwa waziri husika, akitaja tarehe na namba ya azimio. Swali la namna hiyo ni gumu kulijibu kwa "serikali inalifanyia kazi".